Juu ya Sikio la Kushoto

Aikande mwanangu,

Umelala chumba cha pili na mlango umeufunga, maana umesema mtu wa miaka ishirini na moja hafungwi kanga mkononi na mama yake kama mbuzi wa sikukuu. Sawa, nimekubali. Lakini tangu nimeshika kalamu hii nimeshainuka mara nyingi kuja kuweka sikio mlangoni. Unakoroma kidogo. Nashukuru unakoroma.

Sikuandikii mambo ya vidonge. Shangazi yako anayajua, na wewe unayajua kuliko sisi wote. Wala sikuandikii kuhusu sweta na pasi ya kusafiria, vyote vimo kwenye begi, nimevikagua mpaka umenikasirikia. Nakuandikia kwa sababu ya jioni. Ulikuja na mashine ya kunyolea, ukakaa kwenye kigoda mbele yangu, ukasema, "Mama, ninyoe wewe." Nikakwambia niache. Ukasubiri. Nikarudia, niache Aikande. Basi ukainuka, ukairudisha mashine kwenye droo ya saluni, ukaifunga droo polepole, ukaenda kulala bila kuniaga. Ungeibamiza ningejua la kusema, maana ugomvi nauweza. Upole wako ndio niliobaki nao hapa mezani.

Kuna sababu nyingine ya kuandika, na hii usinicheke. Daktari alisema unaweza kuamka kutoka upasuaji umechanganyikiwa, na kwamba mahali wanapotaka kuchunguza pako jirani na mahali pa maneno na kumbukumbu. Kwa hiyo nitakuandikia kama namwandikia mgeni. Ukiamka kule hujui wewe ni nani, Shangazi Ruthi akusomee hii, na mambo mengine nitayaeleza kana kwamba hukuwepo.

Wewe ni Aikande. Mimi ni mama yako, msusi, nina saluni ya chumba kimoja hapa Sakina, barabara ya Nairobi, na nyumba yetu iko nyuma ya saluni hiyo hiyo. Baba yako amekwisha kufa. Una kifafa tangu darasa la tano, na vidonge vimekataa kukishika. Vimebadilishwa, vimeongezwa, vimechanganywa, bado unaanguka. Kesho alfajiri Shangazi Ruthi, dada yake marehemu baba yako, anakuja kukuchukua akupeleke Nairobi anakoishi. Madaktari wa huko watatoboa fuvu lako, waingize nyaya nyembamba kwenye ubongo wenyewe, watafute kifafa kinapoanzia. Wakipapata, na wakiona panatoleka bila kukuharibu, watapatoa. Kisha umesema hurudi. Utakaa kwa shangazi na utasomea mapishi. Mtu ambaye sijamruhusu kusogelea jiko tangu akiwa mtoto, eti ndiye anakwenda kusomea mapishi. Nilicheka uliponiambia, halafu nikaenda bafuni nikalia.

Naogopa, Aikande. Hilo nalisema mapema ili lisinisumbue katikati. Leo mteja mmoja nimemsuka upande mmoja mistari minne na upande mwingine mitano, akanilipa zote kwa kunihurumia.

Ngoja nianzie Akheri, kwa bibi yako mzaa mama, maana huko ndiko ilikoanzia. Ulikuwa likizo. Tulikuwa tunachuma kahawa mimi na wewe na bibi, na mawingu yalikuwa yameshuka kutoka mlimani mpaka kwenye migomba, baridi imetulia. Ukaniambia, "Mama, kahawa inaungua." Nikakwambia hakuna anayekaanga kahawa hapa, chuma. Ukarudia kwamba unasikia harufu. Nikakufokea kwamba unatafuta sababu ya kurudi jikoni kula loshoro ya maziwa mgando. Halafu nikaona mdomo wako unatafuna na hauna kitu ndani. Macho yalikuwa yananiangalia lakini wewe hukuwamo. Ukaanguka na kikapu chako.

Watu wa jirani walikuja wakasimama mbali. Unajua wanavyosema kwetu, kwamba povu la mdomoni likikugusa umeubeba ugonjwa na wewe. Mimi nilikushika. Nilikulaza kifuani kwangu mpaka ulipotulia, na hilo hakuna wa kuninyang'anya. Lakini ulipotulia nilikwenda kwenye mfereji nikanawa mikono mpaka viwiko, nikasugua kwa majivu, nikanawa tena. Nilipogeuka ulikuwa umeshazinduka, umekaa, unaniangalia ninavyojisugua. Hatujawahi kulizungumza. Sijui kama unalikumbuka. Kama kuna kitu ambacho madaktari wakikikata sitalia, ni hicho.

Baada ya hapo kila uliposema kahawa inaungua nilikimbia kuangalia jiko. Unaweza kuamini? Miaka miwili mizima mama yako alikuwa anakimbilia jikoni badala ya kukimbilia kwako. Wewe ulikuwa unanipa taarifa na mimi nakagua sufuria. Siku moja tu, ukiwa umeshaumia kidevu, ndipo niliposhika kwamba harufu ile ndiyo mlango wa ugonjwa, na kwamba ukiisema nina muda wa kuacha kitana, kukulaza chini na kusogeza viti. Tangu hapo mtu akikaanga kahawa popote hapa mtaani moyo wangu unaruka.

Shuleni walikuwa wanataka nywele fupi, na mimi ndiye niliyekunyoa. Ulikuwa unakaa kwenye kigoda katikati ya magoti yangu, unalalamika kwamba mashine inakutekenya shingoni. Hapo ndipo nilipokisoma kichwa chako. Kovu la kisogoni ni la ngazi ya kanisani. Lile dogo karibu na paji la uso ni la kona ya meza ya mwalimu wako wa darasa la saba. Refu lililopinda upande wa kulia ni la siku uliyoanguka bombani na ndoo. Nayajua kwa vidole. Nikifumbwa macho nikapewa vichwa vya mji mzima, chako ningekitoa.

Ulipofika kidato cha pili wakasema wasichana wengine wanaogopa, ukae nyumbani kwanza upate nafuu. Nafuu haikuja, na wala hakuna aliyekuita tena. Mwaka huo huo baba yako akafariki. Tukamzika Akheri, ambako naye ndiko kwao, na kama ilivyo desturi yetu, baada ya maziko tukanyolewa wote. Bibi yako alisema wewe nikunyoe mimi. Nilikunyoa kwa wembe, bila mashine, nje kwenye baridi, na machozi yangu yalikuwa yanadondokea kichwani kwako mpaka ukaniuliza kama mvua imeanza. Mara ya mwisho wembe kugusa kichwa hiki ni siku hiyo. Nilipomaliza nikajiapia kwamba hakitaguswa tena mpaka mimi mwenyewe nimetangulia.

Kwa hiyo nywele zikaota, nami nikazilea. Zilikuwa nzito, zinakubali kila mtindo. Ukawa unakaa mlangoni mwa saluni na wateja wananiuliza nywele zile zinatunzwa na nini. Nilikusuka juu ya makovu. Nilijua mstari upite wapi ili kovu lisionekane, na nilifanya hivyo kwa ustadi kiasi kwamba hata shangazi yako alipokuja aliona umenawiri. Nilitaka watu waone msichana mzuri. Nilitaka siku moja kijana fulani na wazazi wake waje, wakae, wanywe chai, wasione kitu. Ndiyo hivyo, nilikuwa nawaza harusi wakati wewe unawaza kuamka asubuhi.

Sasa nifike kwenye kipimo, kile cha kwanza, ambacho wewe unakisimulia kwa kicheko na mimi kinanichoma. Tulipewa siku ya kwenda kupima mawimbi ya ubongo. Tuliambiwa wazi wazi, kichwa kioshwe, nywele zifumuliwe, mafuta yasiguse. Nilikuosha vizuri. Nikakufumua. Halafu nikakuangalia. Nywele zimesimama huku na huku, na tunatakiwa tutoke hapa, tupite mbele ya maduka yote ya Sakina, tukapande gari. Nikasema moyoni, watu wataona msusi anampeleka mwanawe hospitali kama mwendawazimu. Sikuweza. Wala sikukusuka zile twende kilioni za haraka, ambazo walau zingeacha ngozi wazi. Nilikusuka mistari midogo iliyozunguka kichwa chote na rasta nikaweka, halafu nikapaka mafuta kidogo kwenye ngozi ing'ae.

Yule dada wa kipimo alikuangalia, akaniangalia mimi, akashusha pumzi. Vile vidude vyake vya kubandika vilikuwa vinateleza na kudondoka kimoja baada ya kingine. Akasema turudi siku nyingine. Nikambembeleza, nikamwambia tumetoka mbali, na Sakina si mbali. Akapima hivyo hivyo. Majibu yakaja kwamba mistari imejaa usumbufu, haisomeki, kipimo kirudiwe. Mimi nikawaambia ndugu kwamba hawakuona kitu. Nikakaa na hilo neno la hawakuona kitu kwa muda mrefu, nikalipenda, na kila ulipoanguka nikasema ni uchovu, ni joto, ni hedhi. Ni wewe uliyefumua nywele zako mwenyewe, ukaenda peke yako kurudia kile kipimo, nywele zimesimama, umepita mbele ya maduka yote. Mama Glori wa duka la dawa aliniambia, "Nimemwona Aikande, vipi, amepatwa na nini?"

Kipimo hicho ndicho kilichotufikisha kwa daktari wetu wa sasa, yule dada mdogo mdogo ambaye nilidhani ni mwanafunzi mpaka alipoanza kuzungumza. Alituwekea karatasi mezani. Akatuonyesha mawimbi makubwa ya polepole, yale yanayoonekana kwa mashine yoyote. Akasema upande wa kushoto yanavurugika. Halafu akatueleza kwamba yapo mengine ambayo karatasi ile haiwezi kuyaonyesha. Ni madogo sana, ya kasi sana, yanatetemeka na kupotea kabla mtu hajapepesa jicho. Zamani yalihesabiwa kuwa takataka, umeme wa ukutani au misuli ya taya, yakachujwa yakatupwa. Siku hizi wameona kwamba kwa wagonjwa wengi yanachomoza karibu na pale kifafa kinapoanzia, hata kama siku hiyo mtu hajaanguka. Lakini fuvu na ngozi vinayameza. Ukiyatafuta kutoka nje ya kichwa unapata machache au hupati kabisa. Ndiyo maana wanataka kuingia ndani.

Nilimuuliza ni wapi hasa. Akaweka kidole juu ya sikio lako la kushoto, pale nywele zinapoanza.

Vidole vyangu vimepita hapo maisha yako yote, Aikande. Kila mstari ninaousuka kutoka upande huo, kidole gumba changu kinajishikiza hapo hapo. Kumbe chini yake, chini ya ngozi na mfupa, kuna kitu kilikuwa kinatetemeka kwa kasi hiyo, na mimi nazungumza na wateja habari za bei ya nyanya. Nilirudi nyumbani siku ile nikaogopa kukugusa. Wewe ulidhani nimechoka.

Lakini lililonimaliza ni lile jibu lingine, nawe ulikuwepo. Nilimuuliza kama mtu mzima asiye na ugonjwa anayo mawimbi hayo ya kasi. Nilitaka aseme hapana. Akasema anayo. Akasema ubongo wenye afya nao unayatoa, hasa mtu akiwa amelala, na yanasadikiwa kusaidia kuhifadhi kumbukumbu.

"Sasa mtajuaje lipi ni la ugonjwa na lipi ni la kumbukumbu?" nikamuuliza.

Hakunidanganya, na kwa hilo namheshimu. "Mama, si rahisi," akasema. "Yanafanana. Ndiyo maana hatukati kwa kuyategemea yenyewe peke yake. Tutasubiri aanguke na nyaya zikiwa ndani, tuone kifafa kinaanzia wapi, tupime maneno yake na kumbukumbu zake, tuweke yote pamoja. Na hata hapo siwezi kukuahidi."

Watasubiri uanguke. Watakupunguzia vidonge makusudi ili uanguke. Mimi nimetumia nusu ya maisha yako kuzuia usianguke, na hao wanakupa kitanda ili uanguke wakikuangalia. Nimejaribu kulielewa hilo kwa akili na akili inaelewa. Mwili unakataa.

Tukiwa njiani nilianza kukwambia tuache. Nilikwambia afadhali mtoto anayeanguka lakini ananijua. Ulitembea mpaka tukafika karibu na mafundi wa pikipiki, ukasimama, ukaniambia maneno ambayo nayaandika hapa kama ulivyoyasema, maana sitaki yapotee hata kwako.

"Mama, mimi kumbukumbu zangu nyingi ni za kuambiwa. Nazinduka, watu wamenizunguka, wananisimulia nilichofanya. Ni zipi hizo unazoogopa nitapoteza?"

Nilikununulia mahindi ya kuchoma tukaendelea kutembea.

Halafu akafa Lazaro. Kama umemsahau, Lazaro ni yule kijana wa Lemara tuliyekuwa tunakutana naye kliniki, mrefu, mwenye utani, aliyekuwa anakuita shemeji bila idhini ya mtu. Hakuanguka motoni wala majini. Mama yake alimkuta asubuhi kitandani, amelalia tumbo, amekwisha. Alimwandalia chai kwanza, ndipo akaenda kumwamsha. Tulikwenda msibani mimi na wewe, na yule mama alinishika mkono akaniuliza, "Wako bado yupo?" Kama anayeuliza kuhusu gari. Alikuwa hana nguvu ya kuuliza vizuri. Ni baada ya msiba huo nilipoanza kukufunga kanga mkononi, ncha moja kwako na ncha nyingine kwangu, ili ukitikisika nishtuke. Na ni baada ya msiba huo huo wewe ulipompigia shangazi yako simu.

Kwa hiyo nimekaa hapa na njia mbili, na zote sizitaki. Ukienda, wanaweza kukurudishia maisha, au wanaweza kumtoa mtoto ninayemjua wakaniachia mwenye sura yake. Ukibaki, siku moja nitaandaa chai nije kukuamsha. Nimeomba mpaka sina maneno. Mchungaji amekuja, akinamama wa jumuiya wamekuja, wote wameomba vizuri. Wakiondoka mimi hubaki palepale na swali langu. Nimelikasirikia hata lile wimbi la kasi, kitu nisichowahi kukiona, nikaliuliza lilikosa kwingine pa kukaa.

Najua kwa nini umemchagua shangazi. Uliniambia kwa adabu, ukanishika bega. "Mama, wewe ukiona damu utasema turudi nyumbani, na mimi nitakubali kwa kukuhurumia." Niliumia, nikampigia Ruthi simu nikamwambia maneno ambayo sasa nitayaombea radhi. Lakini ulisema kweli. Ningesema turudi. Ningelisema hata mlangoni. Karatasi za idhini umesaini mwenyewe, kwa mwandiko wako mzuri, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni kama mtu aliyesindikiza.

Ninachotaka kukwambia si kingi. Wakikuuliza kitu na huelewi, usitikise kichwa. Mimi nimetikisa kichwa mbele ya madaktari miaka yote kwa sababu ya aibu, na kila nilipotikisa nilirudi nyumbani na nusu ya habari. Sema hujaelewa. Ukisikia harufu ya kahawa ukiwa na zile nyaya kichwani, iseme kwa sauti hata kama chumba kimejaa wakubwa, maana huenda huo ndio wakati wote tuliousubiri. Usiogope kwamba watakagua jiko.

Na wakija kukwambia mwisho wa yote kwamba hapakatiki, kwamba pale kifafa kinapoanzia ndipo pia maneno yako yanapokaa, usione umeshindwa. Amua wewe. Ukisema wakate, mimi nipo. Ukisema wasikate, mimi nipo. Nimeandika hiyo sentensi mara tatu nikaifuta, kwa sababu haikuwa kweli. Sasa inaanza kuwa kweli, kidogo kidogo, niachie tu muda.

Ukiamka maneno yamepungua, usiyafiche. Ukitaka kijiko ukasema kiatu, sema kiatu na uonyeshe kwa kidole. Mimi nilikufundisha kuficha, nilikuficha kwa nywele zako mwenyewe, na nakuomba hilo somo uliache hapa Sakina. Kijana akija, ajue siku ya kwanza. Akikimbia, tutakuwa tumejua mapema, na mimi nitamtukana kwa niaba yako.

Na haya nayaweka yawepo, yakikatwa kichwani yabaki kwenye karatasi. Baba yako alikuwa anakuita Mama Mdogo kwa sababu ulikuwa unampangia nguo za kanisani. Ulipokuwa mdogo ulikataa kula kuku uliyemchezea, ukatangaza mgomo, ukakaa chini ya meza. Uliimba sauti ya pili kwaya ya vijana Kimandolu na siku moja ulianguka katikati ya wimbo, ulipozinduka ukauliza wamefika ubeti gani. Unapenda ndizi za kuchoma zikiwa na ngozi ngumu kidogo. Unamsalimia kila mzee shikamoo hata asiyestahili. Ukikasirika hupandishi sauti, unafunga droo polepole.

Ukiamka na hayo yote hayamo, yatakuwa mapya, na nitakusimulia. Umeshazoea kusimuliwa, si ndivyo ulivyosema? Nitakusimulia na nitasema ukweli. Hata ule wa mfereji na majivu nitakusimulia. Nimeshaandika, siwezi kuurudisha.

Sasa nirudi kwenye jioni. Uliponiletea mashine sikukuona wewe. Nilimwona baba yako kwenye jeneza, na baridi ile, na wembe. Nilisema moyoni nikimnyoa nimemzika. Hospitali wamesema hakuna haja, wanaweza kunyoa wenyewe sehemu wanayoihitaji. Nikashika hapo, nikasema basi wanyoe wao, mimi mikono yangu haimo. Lakini nimekaa hapa nikafikiria, mgeni mwenye glavu, asiyekijua kichwa, akipita juu ya kovu la ngazi ya kanisani bila kujua ni la nini. Na wewe umekaa pale, kiti cha chuma, unakumbuka kwamba mama yako alikataa. Kama kuna kumbukumbu moja itakayobaki, isiwe hiyo.

Nimeitoa mashine kwenye droo. Nimeifuta kwa spiriti, nimeichomeka kwenye umeme, taa yake inawaka. Umeme ukikatika nina mkasi na nina wembe mpya. Kigoda nimekiweka mahali pake, na maji ya moto yapo kwenye chupa ya chai kubwa.

Nitakuamsha kabla shangazi yako hajafika. Sitasema mengi, maana mengi nimeyaandika hapa, na barua hii nitaitia kwenye mfuko wa begi utakaponipa mgongo. Utakaa katikati ya magoti yangu kama zamani. Utalalamika kwamba nakutekenya shingoni, na nakuomba ulalamike. Nitaanzia upande wa kushoto, juu ya sikio, pale pale alipoweka kidole. Wakifika hapo na vyombo vyao, watakuta mkono wa mama yako umetangulia.

Mama yako